Shamba Lililonyamaza Siku ya Pasaka

Siku tuliyomzika Mwinjilisti Yotamu, hapa Tunduma, mimi sikukaa. Wanawake walinitandikia mkeka mahali pazuri karibu na mlango, panapomfaa mtu wa umri wangu, na kila nilipoukalia nilijikuta nimesimama tena, naenda getini, natazama barabara, narudi. Ndugu mmoja wa mjane, aliyevuka mpaka kutoka Nakonde asubuhi ile, alikuwa akiwapokea wageni kwa "mwaiseni, mwaiseni," na mimi nilipita mbele yake mara nyingi mpaka akawa ananikaribisha kila mara upya. "Mama Yunisi, kaa basi, unatuzungusha vichwa," alisema jirani mmoja. Nikamwambia nangoja watu. Aliponiuliza watu gani nikarudi getini, kwa sababu sikuwa na uhakika kama watakuja. Nilikuwa nimempigia simu mtu mmoja huko Kamsamba kumweleza kwamba Yotamu amefariki, naye akasema tu, "Haya, nimesikia," simu ikakatika. Kule mtandao hukatika wenyewe, lakini na yeye pia ni mtu wa kukata simu.

Nje ya geti malori yalikuwa yamepanga foleni ya kuvuka mpaka, madereva wamekaa kwenye vivuli vya magurudumu wakipika chai. Wengi wao walimjua Yotamu; aliwahi kuombea wagonjwa wao na kuwasaidia kutafuta fundi. Mchungaji kijana, aliyepewa kusimamia ibada ya mazishi, alinifuata hapo getini akiwa na suti iliyombana mabegani. "Mama, utatuambia maneno machache kuhusu marehemu," alisema kwa adabu. "Hasa namna alivyowaleta watu wengi kwa Bwana. Kwa kifupi tu." Nilimwitikia, lakini ndani nilichemka. Tangu asubuhi kila aliyesimama kuzungumza alitaja hao watu wengi: mikutano ya hadhara, spika, makutaniko yaliyofunguliwa. Yote ni kweli, sina ubishi nayo. Ila Yotamu ninayemjua mimi alitengenezwa katika mwaka mmoja tu, na mwaka huo hakuleta watu wengi. Mwaka huo alimpoteza mtu mmoja, na maisha yake yote yaliyobaki aliishi kwa ajili ya hasara hiyo.

Nilikuwa nimetoka chuo cha Biblia, msichana mbichi, kanisa likanipangia kwenda kumsaidia kufungua kanisa jipya Kamsamba. Habari za kwetu Hasamba na za wazazi wangu naziruka. Hazina kazi hapa. Inatosha kusema kwamba mimi na Yotamu tulikuwa watu wa milimani, watu wa sweta, ukungu na kahawa, na kahawa ina tabia njema: ukienda ibadani Jumapili, ukirudi unaikuta palepale ulipoiacha. Hatukujua kwamba hiyo ni tabia ya kahawa tu. Tulidhani mazao yote ya Mungu yanamheshimu mtu aliyekwenda kusali. Tuliteremka bondeni kwa lori la Mzee Hamisi, mfanyabiashara wa mpunga wa hapa Tunduma, Mwislamu aliyetoka zamani pwani, na kadiri tulivyoshuka nilivua sweta, kisha kitambaa cha kichwani, kisha nikaanza kutamani kurudi. Mzee Hamisi alitutazama kwenye kioo akacheka. "Mwinjilisti, mwezi huu utawapata watu," alimwambia Yotamu. "Lakini mpunga ukianza kutia maziwa, usiwaite. Ndege wa huku hawana Jumapili wala Ijumaa. Sisi wenyewe msimu ule msikitini wanabaki vikongwe na imamu." Yotamu alitabasamu kama mtu anayesikia habari za dini nyingine.

Nyumba tuliyofikia ilikuwa ya mama mmoja aliyeitwa Nambeye, ndivyo wanawake wa ukoo wake wanavyoitwa kwa Wanyamwanga. Mume wake alikuwa amevuka kwenda kwenye migodi ya Zambia na habari zake zikawa zinapungua mwaka hadi mwaka. Nambeye alibaki na watoto watatu na mama mkwe, bibi mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Yotamu alipewa kibanda cha nje, na mimi nikapewa chumba cha kuhifadhia mpunga. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba vyote nilivyolala baadaye. Magunia ya msimu uliopita yalikuwa yamepangwa pande tatu mpaka juu, na kitanda changu cha kamba kilibanwa katikati, hata nikigeuka usingizini goti linagonga gunia. Kulikuwa na vumbi la makapi, harufu tamu ya nafaka, na panya walioniona mimi ndiye mgeni. Nililalamika sana moyoni. Nilikuwa sijui kwamba nimelala katikati ya usalama wote wa nyumba ile.

Jioni tulikula wali kwa samaki mkavu wa Rukwa, tumekaa kwenye kibaraza, na Nambeye alikuwa na mazoea ya kuuliza maswali wakati mdomo wa Yotamu umejaa. "Huyo Mungu wenu, anamjua mtu mmojammoja, au anatujua kwa ukoo?" "Mume wangu akiwa ng'ambo ya mpaka, anaonekana na Mungu yuleyule?" Yotamu alimeza haraka akajibu, na majibu yake yalikuwa mazuri, ya chuoni. Mimi nilikaa kwenye ncha ya kigoda, tayari kuinuka. Nilitaka twende nyumba nyingine, kijiji kingine, tusikae na mama mmoja anayeuliza. Ukuta kati ya chumba changu na chao ulikuwa wa miti na udongo, na Kinyamwanga hakiko mbali sana na Kinyiha chetu, kwa hiyo jioni baada ya chakula nilisikia wakizungumza. Bibi alisema, "Hawa watu wa baridi wanaongea kama hawajawahi kukosa kitu." Nambeye akajibu, "Lakini mama, wanasema Mungu ananiona mimi. Hakuna mtu ameniambia hivyo tangu baba watoto aondoke." Bibi akasema kwamba kama ni hivyo na yeye atakwenda kusikiliza, asije akaachwa peke yake nyumbani na kuku.

Basi wakaingia darasa la ubatizo, nyumba nzima. Kanisa letu lilikuwa paa la nyasi juu ya nguzo, halina kuta, mwendo mfupi kutoka mashambani. Mchungaji wa milimani alipeleka ujumbe kwamba atakuja Pasaka kubatiza, na kwamba anatarajia kuona kanisa limejaa. Na Pasaka ya mwaka ule ikaangukia katikati ya mpunga unaotia maziwa. Mtu ambaye hajaishi bondeni hawezi kuelewa wiki hizo. Punje inakuwa laini, ukiibana inatoa maji meupe, na kweleakwelea wanajua siku yake kabla ya mwenye shamba. Ni ndege wadogo, kiganja kinawafunika wawili, lakini wakija wanakuja kama kitambaa kimoja kinachokunjwa na kukunjuliwa hewani. Kila shamba lina dungu, jukwaa la miti ambalo mlinzi anapanda kabla jua halijatoka, akiwa na kombeo, udongo uliofinyangwa vidonge, na kamba ndefu zilizofungwa makopo. Anapiga kelele mpaka ndege waende kulala jioni. Akinyamaza yeye, ndege waliofukuzwa kwa majirani wote wanahamia kwake.

Jumamosi ile Nambeye alikuja kibarazani mikono ina udongo wa kufinyanga vidonge. Alisimama, hakukaa. "Mwinjilisti, kesho tutakuja kubatizwa. Mama mkwe atabaki kwenye dungu, yeye abatizwe siku nyingine." Yotamu alikuwa na miaka isiyofika thelathini, sauti nzuri, na mchungaji aliyetaka kanisa lijae. "Dada Nambeye," alisema, "nyumba nzima imeamini, nyumba nzima ibatizwe. Kesho mwachieni Bwana shamba. Analinda yeye." Nambeye akauliza, "Wote? Na watoto?" "Wote," alisema Yotamu. "Ukimwacha mmoja nyuma, ndiyo kusema unaamini nusu." Nambeye aliyatazama mashamba, akaniangalia mimi, akaitazama mikono yake. "Haya. Wote," alisema. Mama wa shamba la jirani, aliyekuwa amekuja kuazima kombeo, aliguna tu, akaenda zake. Sijui Yotamu aliyatoa wapi maneno yale. Hayamo katika somo lolote nililofundishwa. Nadhani yalitoka kwenye kahawa.

Ibada ilipangwa kuanza saa tatu asubuhi. Mchungaji alichelewa kwa sababu pikipiki yake ilikwama kwenye kivuko cha mto, tukaimba nyimbo zote tulizozijua kisha tukazirudia. Kanisa halikuwa na kuta, na kutoka pande zote tulisikia kelele za walinzi na makopo yanayogongana. Nilikaa mwisho wa benchi, na kama kawaida yangu miguu haikutulia, nikawa nasikiliza nje kuliko ndani. Ndipo nilipotambua kwamba upande mmoja hakuna kelele. Kulia kwetu watu wanapiga kelele, nyuma wanapiga kelele, na kushoto, chini kidogo ya mti wa mkwaju, kimya. Nilimtazama Nambeye. Na yeye alikuwa anasikiliza upande huohuo. Alikuwa amevaa gauni jeupe aliloazima, mtoto mdogo mapajani, na Bibi pembeni yake amekaa wima sana. Alijua kila kitu kinachotokea huko. Alikuwa amelinda shamba lile tangu alipoolewa. Hakuinuka. Alikuwa ameambiwa kwamba akiinuka ni nusu, na yeye alitaka kuwa mzima. Mchungaji alipofika na kuanza kumwagia maji vichwani, Nambeye alifumba macho kwa nguvu, na nikaona midomo yake inasogea, na nikajua haombi kuhusu dhambi.

Jua lilikuwa limeshapita utosini tulipotoka. Hakuna aliyekimbia. Tulitembea pamoja, wote, kwa mwendo wa mazishi, mpaka kwenye shamba. Mpunga ulikuwa umesimama, mtu wa mbali angesema ni mzima. Ukikaribia unaona masuke yamenyooka badala ya kuinama, mepesi, meupe, na chini ya mashina makapi yametapakaa pamoja na mavi ya ndege. Nambeye alilikamata suke moja akalikamua kwa vidole, hakikutoka kitu. Akakamata lingine. Majirani walikuja wakasimama kwenye tuta wakiwa na makombeo yao, hakuna aliyesema tulikwambia. Yotamu alikuwa bado na Biblia yake kwapani, suti imelowa jasho. Alifungua mdomo, akasema, "Dada Nambeye, Bwana..." na Bibi akamkatiza bila kupandisha sauti: "Nyamaza kwanza, mwanangu." Kisha Bibi akajishika kwenye nguzo za dungu, akapanda polepole na gauni lake la ubatizo, akavuta kamba ya makopo, akaanza kuwapigia kelele ndege waliokwisha kuondoka. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Sisi tulisimama chini tukamsikiliza. Sijawahi kusikia mahubiri yaliyoniingia kama hayo, na sitaki kuyasikia tena.

Jioni hiyo Nambeye alitupa chakula kama kawaida. Aliweka sahani mbele ya Yotamu, akasema, "Mungu sijamwacha. Nimebatizwa na sijutii. Lakini kanisani kwenu sirudi." Yotamu hakula. Mimi nilikula, nasema ukweli, nilikuwa na njaa, na baadaye nikaenda chumbani nikafungasha kiroba changu. Lori la Mzee Hamisi lilikuwa linakuja baada ya siku chache na niliapa nitakuwa wa kwanza kupanda. Nilikuwa sitaki tena utume, sitaki bonde, sitaki kumtazama mama anayepima mpunga wa mwaka jana kwa vikombe vidogo kuliko vya wiki iliyopita. Kila wiki magunia yalipungua, mengine yakiuzwa kulipa madeni ya shamba. Chumba kikaanza kupanuka. Mara goti halikugonga tena kitu, mara nikapata nafasi ya kunyoosha mkono, mara sauti yangu ikawa inarudi kutoka ukutani. Wali ukawa uji wa chenga, kisha uji mwepesi wa chenga. Watoto hawakulia, na hilo ndilo lililonikera, nilitaka walie.

Yotamu siku ya pili alivua suti, akaazima kaptura, akaenda kwa mama wa shamba la jirani kuomba kazi ya kulinda ndege kwa ujira wa mpunga. Yule mama alidhani ni mzaha. Alimpandisha kwenye dungu la mwisho kabisa, kando ya matete, ambako ndege ndiko wanakoingilia. Sauti yake nzuri, iliyosomeshwa na kwaya, ilikwisha siku ileile ya kwanza. Alirudi jioni anaongea kwa mikono. Siku zilivyokwenda akapewa malipo yake, mpunga wa zamani kwenye mfuko, akaupeleka kwenye mlango wa Nambeye. Bibi aliutoa akauweka nje, kuku wakaula. Akaleta mwingine. Bibi akautoa, kuku wakaula. Wa tatu Bibi alisimama mlangoni akamtazama namna alivyoungua na jua, ngozi ya shingo inabanduka, akasema, "Kwanza hujui hata kurusha. Nimekuona. Unarusha kombeo kama unatupa maji ya kuoga." Akamchukua mpaka uwanjani, akamfundisha. Mkono hivi, kiuno hivi, achia ncha moja tu. Nambeye alikuwa jikoni, nikamwona anacheka amegeukia ukuta. Mfuko ule uliingia ndani. Sitaki mtu anielewe vibaya: haukurudisha kitu. Ulikuwa ni chakula cha siku kadhaa kwa watu saba. Lakini uliingia ndani.

Lori lilikuja. Kiroba changu kilikuwa mlangoni tangu alfajiri. Nambeye alipita na ndoo ya maji kichwani, akakitazama, akasema, "Dada Yunisi, unaondoka na lori hili au lijalo?" Hakuuliza kwa uchungu, alinitania, kama mtu anavyomtania shemeji. Nikaona haya, nikasema lijalo. Na lijalo lilipokuja akaniuliza tena vilevile, na mimi nikajibu vilevile, na ukawa ndio mchezo wetu mpaka mavuno. Sikubaki kwa sababu ya imani kubwa. Nilibaki kwa sababu nilishindwa kumjibu vingine mtu ambaye alikuwa na haki ya kunifukuza. Mzee Hamisi, aliposikia habari, hakusema neno kuhusu onyo lake. Alishusha gunia la unga wa mahindi, akaliweka kwenye kibaraza cha Nambeye, akasema kwamba amezidisha mzigo na lori linalemewa. Lori lilikuwa tupu. Nambeye alimshukuru kwa kuupunguza mzigo huo, wote wawili wakiwa na nyuso kavu kabisa.

Kuhusu ibada, Yotamu aliacha kuita watu asubuhi. Ndege wakienda kulala matete, walinzi wanateremka kwenye madungu, wanakaa kwenye tuta kunyoosha miguu kabla ya kurudi nyumbani. Alikaa nao hapo, hana sauti, na mimi ndiye niliyesoma, maana yeye alikuwa anakwaruza tu. Tulisoma kidogo, tukaimba wimbo mmoja, tukaomba, watu wakaenda kupika. Walikuja wengi kuliko waliowahi kuja chini ya paa la nyasi. Nambeye hakuja. Alikaa kwenye kibaraza chake, mwendo mfupi tu, akichambua mboga, na tulipoimba tulisikia sauti ya pili inatoka upande ule. Tukinyamaza, nayo inanyamaza. Mchungaji aliposhuka kukagua kazi alikuta kanisa limeota majani na mwinjilisti wake yuko juu ya dungu na kaptura. Nilikuwa chini nashika kamba za makopo, nikayasikia yote. "Kwa hiyo ndege ndio wanaopanga ratiba ya kanisa?" aliuliza mchungaji. Yotamu akarusha kidonge, kikaenda sawasawa, kundi likageuka. "Wiki hizi, ndiyo, mchungaji," alisema kwa ile sauti iliyopasuka. "Tuliwaambia watu Mungu atalinda shamba. Sasa nimekuja kulinda." Mchungaji alikaa kwenye tuta muda mrefu. Hakukubali, ila hakumwondoa pia.

Siku hizi wananialika kufundisha semina za uinjilisti. Vijana wana spika zinazobebwa mgongoni, wana simu zinazorusha mahubiri moja kwa moja, na wanachotaka kwangu ni mbinu. Nawaambia utume si wetu. Ulikuwepo kabla hatujapewa nauli. Wanaandika. Nawaambia, usimwahidi mtu kitu kwa niaba ya Mungu kama hauko tayari kulala njaa pamoja naye kikikosekana. Hilo hawaandiki, wananitazama wakingoja nimalizie na habari ya matokeo. Mimi mwenyewe sijatulia nalo. Kuna siku najiuliza kama Mungu hakuwa anamwona Nambeye saa ile amefumba macho. Kama alimwona, kwa nini asizuie ndege kwa saa chache tu. Sina jibu, na nimekuwa mwalimu wa kukosa jibu hilo kwa maisha yangu yote.

Ninachojua ni kilichofuata. Yotamu alihamishiwa Tunduma, akaoa, akawa huyu mtu wa mikutano mliyemsikia akisifiwa. Lakini kila mwaka mpunga ulipotia maziwa aliomba likizo, akapanda lori la Mzee Hamisi, na baadaye la mwanawe, akashuka Kamsamba. Watu wa Tunduma walidhani anakwenda kuhubiri. Hakuhubiri. Alipanda dungu la Nambeye, akalinda mpaka punje ikawa ngumu, akarudi akiwa hana sauti. Bibi alikufa, watoto wakakua wakaoa na kuolewa, wajukuu wakawa na nguvu za kurusha kombeo kuliko yeye, na bado alikwenda. Nambeye hakuwahi kumwambia asije, na hakuwahi kuingia kanisani. Mwaka huu Yotamu alikuwa kitandani. Nilipokwenda kumwona aliniuliza mwezi, nikamtajia, akageuza uso kwenye dirisha akasema, "Umeshaanza kutia maziwa." Alikufa wiki hiyohiyo.

Basi ibada ya mazishi ikaanza, jeneza likiwa mbele, kanisa limejaa mpaka nje, na hata baadhi ya madereva wamesimama milangoni. Mchungaji kijana akaniita. Nilikwenda mbele, akanipa kipaza sauti, nami nikawa nimekwama, maana sikujua nianzie kwenye watu wengi wanaowataka wao au kwenye yule mmoja. Nikakohoa. Nikawasalimu. Ndipo watu wa mlangoni wakaanza kupisha, na nikamwona Nambeye anaingia. Alikuwa na fimbo, kanga yenye vumbi jekundu la barabara, na nyuma yake wanawe, wake zao, binti yake na mume wake, wajukuu, na kitoto cha mgongoni. Waliingia kwa mstari, hawakutazama huku wala huku, wakatafuta nafasi pembeni, wakapewa. Hakuna mtu katika kanisa lile aliyejua Nambeye amekwisha kaa miaka mingapi bila kukanyaga ndani ya kanisa. Mimi niliwatazama mmojammoja, nikamtafuta aliyekosekana. Hakukosekana mtu.

Nilisahau kwamba nimeshika kipaza sauti. Nilishuka, nikapita kati ya mabenchi mpaka alipo, watu wakinitazama. Nilikuwa nalia na sikujali.

"Mmekuja wote?" nilimuuliza kwa sauti ya chini.

"Wote."

"Na kwenye dungu kuna nani?"

"Hakuna," alisema Nambeye, akilitazama jeneza.

Nilitaka kumwambia kwamba mtoto wa Mzee Hamisi anaweza kuwarudisha mara tu tukitoka makaburini, kwamba labda sehemu ya shamba itaokoka.  Yaliyotoka mdomoni ni maneno yetu yaleyale ya zamani. "Mnaondoka na lori hili au lijalo?"

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile niliona mtu ametabasamu msibani bila kuona aibu. Akamsogeza mjukuu wake, akapapasa nafasi iliyobaki kwenye benchi.

"Lijalo," alisema. "Tumekuja kuzika. Kaa."

Nikampa mchungaji kijana, aliyekuwa amenifuata, kipaza sauti chake, nikakaa.